Mashini ya Padri Mzee

Wengi kati yenu mmekwisha kuiona ile mashini ndogo iliyo juu ya kabati katika ofisi ya parokia yetu, imefunikwa na kitambaa cheupe. Watoto wa katekisimu huiita televisheni ya Padri. Lakini siyo televisheni. Ni kompyuta, na umri wake ni karibu sawa na umri wetu sisi tunaoandika haya. Mmetuuliza mara nyingi: "Mwalimu, ulishinda miezi mitano ukishindana na mashini iliyokufa, na hali siku hizi hata simu ndogo inaishinda kwa kila jambo. Ulitafuta nini humo?" Swali lenu ni la haki. Leo tunapenda kulijibu, tena bila haraka, kwa maana tulikosea mara nyingi katika kazi ile, na makosa yetu yaweza kumfaa mwingine.

Sababu ni hii. Padri mzee aliileta mashini toka Ulaya katika mwaka 1991. Kwa kuwa mchwa walikwisha kuanza kula vitabu vya Ubatizo vya zamani, alivinakili humo ukurasa kwa ukurasa, kila jioni nyuma ya chakula. Watu walimcheka: mzee mzima anapiga herufi usiku kucha kama karani! Kisha akaugua, akarudi kwao, akafia huko. Katika vita vya 1998 nyumba ya misioni ilichomwa na vitabu vyote vikawa majivu. Mashini haikuungua, kwa sababu mpishi alikuwa ameificha juu ya dari ya kapela, ndani ya gunia la mihogo. Vita vilipokwisha iliteremshwa, ikawekwa kabatini, na hakuna aliyejua kuitumia.

Sasa yuko mama mzee mmoja katika kijiji chetu. Mama yake alikufa katika kumzaa, baba yake akaenda kazini mbali asirudi tena, naye akalelewa na Masista. Jina la mama yake hakulijua. Padri mzee alipata kumwambia, "Limeandikwa kitabuni, njoo siku moja nikusomee." Hakuenda. Alituambia kwamba aliogopa, ndipo kitabu kikaungua. Juu ya Ubatizo wake hapana shida: kitabu kikipotea, Kanisa hukubali neno la shahidi mmoja wa kuaminika, na shahidi alikuwapo. Lakini shahidi hawezi kutaja jina asilolijua. Katika mwaka 2023 mama huyo aliingia ofisini kwetu, akaitazama kabati, akanyosha kidole: "Mwanangu, kile kitu cha Padri hakiwezi kusema tena?"

Tukamjibu, "Mama, tutajaribu." Neno jepesi kulitamka.

Jina la mashini hii ni Macintosh Classic. Kampuni Apple ya Marekani iliitoa katika Oktoba 1990, nayo ni mtoto wa ukoo ulioanza tarehe 24 Januari 1984. Wengi wa ukoo huu wana umbo moja: kioo cha inchi 9 na kompyuta yenyewe vimo katika sanduku moja, na juu kuna kishikio, hata mtu aweza kuibeba kwa mkono mmoja kama anavyobeba taa ya mafuta. Ndani ya masanduku ya mashini za kwanza, pale pasipoonekana, yaliandikwa majina ya watu waliozitengeneza, kila mtu kwa mwandiko wake mwenyewe. Classic yetu haina majina hayo. Ilikuwa ya bei ndogo kati ya ndugu zake, dola 999 kwa ile isiyo na diski ngumu. Ya Padri ilikuwa na diski ngumu ya megabaiti 40. Picha moja ya simu ya leo huchukua megabaiti 3 au 4. Diski nzima ya Padri isingetosha picha ishirini. Lakini maneno ni mepesi kuliko picha. Vitabu vya Ubatizo vya miaka mingi viliingia humo na nafasi ikabaki.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuiwasha. Tuliitoa kabatini, tukafuta vumbi, tukachomeka waya, tukabonyeza. Mashini iliyolala zaidi ya miaka ishirini na mitano haiamshwi namna hiyo, kama vile mgonjwa wa siku nyingi hainuliwi kitandani kwa kuvutwa mkono. Sharti kwanza kuifungua na kutazama. Sisi hatukujua. Kioo kiliwaka, kikaonyesha miraba myeusi na myeupe kama ubao wa dama, kisha basi. Mashini hizi zikiwa na afya hutoa sauti moja kama kengele mara tu zinapoamka. Yetu haikutoa sauti yo yote.

Tukatoa hukumu siku ile ile: tyubu ya kioo imekufa. Tulimwambia Padri hivyo kwa uso wa mtu anayejua. Tukaandika barua huku na huku kutafuta tyubu nyingine, na miezi miwili ikapita.

Aliyetutoa gizani ni mwenzetu wa seminari aliye mjini, aliyetuletea katika simu yake maelezo ya watu wa Ulaya na Marekani wanaopenda kutengeneza mashini hizi za zamani. Huko tulisikia habari za Mmarekani Larry Pina, aliyetoa katika mwaka 1992 kitabu kiitwacho The Dead Mac Scrolls, chenye dalili za ugonjwa wa mashini, chanzo chake na dawa yake, kama kitabu cha muuguzi. Tulipoanza kufuata njia hiyo, kutoka dalili kwenda kwenye chanzo, tuliona aibu.

Tazameni. Kioo cha mashini hii kina vitone 512 kwa upana na 342 kwenda chini, maana yake vitone 175,104, na kila kitone ni cheusi ama cheupe. Habari ya vitone hivyo hukaa katika kumbukumbu ya mashini yenyewe, baiti 21,888 tu, na tyubu huichora upya mara 60 hivi kila sekunde. Tyubu haibuni neno. Huchora kile inachopewa. Basi ikiwa inachora miraba safi, yenye kona nzuri, toka ukingo hadi ukingo, tyubu ni nzima na umeme wake ni mzima. Mgonjwa ni yule aliye nyuma yake: kumbukumbu imejaa takataka kwa sababu akili ya mashini haijaamka kuipanga. Wazee husema mjumbe hauawi. Sisi tulikuwa tunamtafutia sanda.

Tangu hapo tulijifunza kusoma kioo kama mganga anavyosoma macho. Mstari mmoja mwembamba wa kulala katikati ya kioo: ile sehemu ya umeme inayoivuta picha juu na chini haifanyi kazi. Mstari mmoja wa kusimama: mara nyingi ni lehemu iliyopasuka pale waya za tyubu zinapoingia katika ubao wa umeme. Ugonjwa huu wa pili huzipata sana zile kaka zake za miaka ya 1984 hadi 1986, ambazo hazina feni, zikapikwa na joto lao wenyewe mwaka hadi mwaka. Wenyewe walizoea kuzipiga kofi ubavuni, na picha ikarudi. Mashini ikilia tu "tak, tak, tak" bila kuwaka, umeme unajaribu kuingia na kitu fulani kinaurudisha. Na mashini za kwanza zilikuwa na uso mdogo wenye huzuni, na chini yake namba: zikianza na 01, shida i katika kumbukumbu ya kudumu, zikianza na 02 mpaka 05, i katika kumbukumbu ya kazi. Jambo hili lilitupendeza. Mashini inakufa, lakini kabla ya kufa inakuambia inapoumwa.

Sasa kufungua. Sanduku limefungwa kwa bisi nne, mbili chini nyuma na mbili ndani kabisa ya shimo la kishikio. Vichwa vyake si vya kawaida, vina nyota ya pembe sita, nazo zile mbili za juu zimezama hata bisibisi ya kawaida haifiki. Tulipata ncha ya nyota ya kipimo hicho katika masanduku ya fundi wa pikipiki, na fundi wa baiskeli akaiunganisha na fimbo ya chuma ya sentimeta 25. Hakutaka malipo. Alitaka tu kuwapo tunapofungua.

Kabla ya kuendelea tunawaonya wale wenye mikono myepesi. Ndani ya mashini yenye tyubu mna umeme unaopita volti 10,000, na waweza kubaki humo hata baada ya waya kutolewa ukutani. Sisi tulifunga waya katika bisibisi bapa, ncha ya pili tukaifunga katika chuma cha fremu, tukaisukuma bisibisi polepole chini ya kifuniko cha mpira kilicho ubavuni mwa tyubu, mkono wa pili ukiwa mgongoni. Kwa nini mgongoni? Ili umeme, ukitupata, usipate njia ya kupita kifuani toka mkono mmoja hadi wa pili. Tena shingo ya tyubu, kule nyuma, ni kioo chembamba sana. Ukiigonga ikapasuka, hewa huingia, na hapo ndipo utaweza kusema kwa haki kwamba tyubu imekufa.

Tulipotoa ubao wa akili, ule wa chini, tuliona ugonjwa kwa macho. Juu yake mna vipipa vidogo vya aluminiamu, virefu kama punje ya mahindi. Mafundi huviita kapasita. Vingi vyao hapa ni vya mikrofaradi 47 na volti 16. Kazi yao ni kuweka akiba ndogo ya umeme, kama mtungi unavyoweka maji, ili umeme usipande na kushuka ghafula. Ndani yao mna maji-maji ya dawa, na chini kizibo cha mpira. Vipipa vya namna hii vilivyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990 vimevuja karibu duniani kote. Maji yale huenea chini yao bila kuonekana, hula nyuzi za shaba, tena hupitisha umeme pale usipotakiwa. Ubao wetu ulikuwa na utando wa kunata na madoa ya kijani, na ulinuka kama samaki wa jana. Fundi wa baiskeli alinusa, akakunja uso, akasema, "Huyu amevunda, hajafa."

Betri tuliitoa mara moja. Ni betri fupi ya volti 3.6, kazi yake kushika saa na tarehe. Katika mashini nyingi imepasuka yenyewe na kuteketeza kila kitu kilicho karibu nayo. Ya kwetu ilikuwa imeanza tu kuota chumvi upande mmoja. Mashini za ukoo huu huhesabu wakati tangu 1 Januari 1904, na bila betri hazijui tena siku. Kwa mashini yenye vitabu vya tarehe lilikuwa jambo la kuchekesha, lakini tarehe za Padri zilikuwa ndani ya maandishi yenyewe na hazikudhurika.

Sasa mtashangaa: tuliuosha ubao. Kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha kwa alkoli ya zahanati ya Masista, kisha tukauanika siku mbili kivulini penye upepo. Tuliporudisha kila kitu na kuwasha, mashini ikalia ile sauti yake. Fundi aliruka juu! Lakini nyuma ya dakika chache picha ikatetemeka, ikazimika, ikaanza upya, ikazimika. Uchafu ulikuwa umetoka, lakini mitungi ilikuwa bado mikavu.

Nyuma ya sanduku kuna tundu la kuchomeka kisoma-disketi cha nje. Humo unaweza kupima umeme bila kuingiza mkono ndani: pini ya 6 hutoa volti 5, pini ya 7 na ya 8 volti 12. Tulikuta 4.6 na 11.2. Mtu aliyenyimwa chakula hafikiri vizuri, na mashini vivyo hivyo. Tuliagiza kapasita mpya za mbao zote mbili toka Lubumbashi. Zilitufikia nyuma ya majuma matatu, ndani ya mfuko wa msafiri, katikati ya dawa za malaria.

Katika kubadili tulifanya kosa la pili. Kapasita moja ilikataa kutoka, tukaivuta. Ilitoka, pamoja na kipande cha shaba cha ubao. Usiku ule hatukulala. Tulimfikiria mama mzee, na lile neno letu jepesi, "tutajaribu." Asubuhi tulifuata njia ya shaba kwa kioo cha kukuzia mpaka pale ilipokuwa bado nzima, tukaunganisha hapo kwa uzi mmoja wa waya uliochanwa katika kamba ya redio, mwembamba kama unywele. Ungali pale hata leo. Hausimami vizuri, lakini unapitisha.

Umeme sasa ulikuwa volti 5.0 na 12.1. Tukawasha. Sauti ikalia, kioo kikawa cha kijivu safi, na katikati pakatokea mchoro wa disketi wenye alama ya kuuliza inayowaka na kuzimika. Maana yake: mimi ni mzima, lakini sioni pa kusoma maneno ya kuanzia. Je, ubao bado ni mgonjwa, ama diski? Hapa Classic ina jambo ambalo ndugu zake hawana. Waliotengeneza waliweka programu nzima ya kuanzia, ile ya namba 6.0.3, ndani ya kumbukumbu ya kudumu, nayo huamka ukishika pamoja vifungo vinne unapowasha: Command, Option, X na O. Tulishika, vidole vikitetemeka. Mashini ikaanza bila diski yo yote, kioo kikajaa, na mshale ukafuata mkono wetu. Basi ubao ni mzima, kumbukumbu ni nzima, kioo ni kizima. Aliyebaki ni diski, na kila alichokiandika Padri kilikuwa humo.

Tulitega sikio. Diski ilianza kuzunguka, tukasikia mvumo wake, kisha ikanyamaza bila ule mkwaruzo mdogo wa mkono wa kusomea. Ugonjwa huu una sifa mbaya katika diski za miaka ile. Ndani mna vipande vidogo vya mpira vinavyouzuia mkono usipite mpaka wake. Kwa miaka mingi mpira ule hulainika ukawa kama ulimbo wa kutegea ndege, na mkono hunasa humo. Dawa yake inajulikana, lakini ni dawa ya kutisha: kufungua diski yenyewe. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi iliyo ndogo kuliko chembe ya vumbi. Diski iliyofunguliwa nje ya chumba cha kiwandani haiahidi maisha. Labda siku moja, labda saa moja.

Jambo hili hatukuweza kuliamua peke yetu. Tulimweleza Padri, naye akaita baraza la parokia. Wengine walisema tuipeleke Ulaya kwa wenye vyumba safi. Tulipowatajia malipo wakanyamaza. Mzee mmoja alisema tuiache, labda watoto wetu watakuwa na akili kuliko sisi. Neno hilo lilituingia, kwa maana lilikuwa na kweli. Lakini mpira ule hauachi kuoza kwa kuwa sisi tunangoja. Kisha likaja swali ambalo hatukulitazamia: diski ikiamka kwa saa moja tu, tunakili miaka gani kwanza? Ya kwanza kabisa, ya wale waliojenga misioni, ambayo ni fahari yetu sote? Ama ile ya watu walio hai? Walibishana hadi jua kuzama. Mwishoni waliamua: walio hai kwanza, na kati yao wazee, kwani hawana muda.

Tulifanya kazi hiyo nyuma ya mvua kubwa, vumbi likiwa limelala, katika chumba cha sindano cha zahanati, milango imefungwa, tukiwa tumefunika pua na nywele. Tuliondoa kifuniko. Sahani ilikuwa inang'aa kama maji ya ziwa wakati wa asubuhi. Mkono ulikuwa umenasa kweli. Tuliusukuma kwa kijiti cha plastiki, pole sana, ukaachia kwa sauti ndogo kama busu. Juu ya mpira tukabandika kipande cha utepe ili usishike tena, tukafunika.

Ikaamka. Jina la diski lilitokea juu ya kioo, nalo lilikuwa jina la parokia yetu.

Disketi tulizokuwa nazo ni tisa, na nne tu ndizo zilizokubali. Ni za megabaiti 1.44, na huo ulikuwa ukubwa wa bahati njema: kisoma-disketi cha USB cha kompyuta ya leo huweza kuzisoma, lakini zile za zamani zaidi za mashini hizi, za kilobaiti 800, hakiwezi, kwa sababu ziliandikwa kwa mwendo wa kuzunguka unaobadilika. Basi tulijaza disketi, tukaihamishia katika kompyuta ya parokia, tukaifuta, tukaijaza tena. Disketi moja iligoma kutoka, grisi ya kisoma-disketi ikiwa imekauka kama nta, tukaitoa kwa waya katika lile tundu dogo la mbele. Saa sita zilipita namna hiyo. Fundi wa baiskeli alipepea feni kwa kipande cha katoni, ingawa tulimwambia haina haja.

Tulipata miaka yote ila ile minane ya mwanzo. Tulipoifikia, diski ilianza kukwaruza kwa sauti mbaya, tukazima. Siku ya pili haikuonekana tena. Waanzilishi wa misioni yetu wangali humo, na baadhi ya wazee wa baraza hawajatusamehe.

Jumapili, nyuma ya Misa, mama mzee alikuja na mjukuu wake. Tulimsomea mstari wake: namba, siku, jina lake, jina la baba, jina la mama. Padri mzee alikuwa ameweka alama ya kuuliza nyuma ya jina la mama, kwa kuwa wino wa kitabu ulikuwa umefifia na herufi moja ilisomeka kwa namna mbili. Tulimweleza hivyo, maana hatukutaka kumpa uhakika ambao Padri mwenyewe hakuwa nao. Akatuambia tulisome kwa namna ya kwanza. Tukasoma. Kisha kwa namna ya pili. Hapo aliinua mkono.

"Hilo," akasema. "Hilo ni jina la watu wa ziwani. Masista walisema mama alitoka ziwani."

Hatuliandiki hapa, ni lake. Alitaka kuiona mashini, tukaondoa kitambaa, akaweka kiganja juu ya kishikio kwa muda. Kisha akatuomba tumwandikie lile jina katika karti, kwa herufi kubwa, ingawa yeye hajui kusoma. Mjukuu alishika karti njiani, lakini walipofika mtoni tuliona mama akimnyang'anya, akaitia kifuani mwa kanga yake, ndipo wakavuka.